Spika mbili za Wi-Fi zilizokataa kuwa jozi: tathmini baada ya miezi mitano

Spika ya kwanza niliinunua mwezi Februari na ya pili mwezi Mei, zote katika duka moja la vifaa vya sauti Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 290,000 kila moja. Sikuwa na fedha za kuzinunua zote kwa mkupuo, na kijana aliyenihudumia alinitoa wasiwasi akisema, "Anza na moja, kaka. Ukijaaliwa utarudi kuchukua mwenzake, unaziunganisha kwa simu tu." Hata kwenye boksi imeandikwa kwamba spika mbili za aina hiyo huweza kuoanishwa zikawa jozi ya stereo, moja ikitoa sauti ya upande wa kushoto na nyingine ya upande wa kulia. Ahadi hiyo ndiyo niliyoilipia mara ya pili, na ndiyo ninayoipima hapa, kwa sababu ilinichukua wiki tatu, safari ya kurudi Kariakoo na jioni nyingi za kubonyeza vitufe kabla haijatimia. Jina la kampuni nimeliacha, kwani mengi niliyokutana nayo yanaweza kumpata mtu yeyote mwenye spika za namna hii, ziwe za chapa hii au nyingine.

Nianze kwa kuipa spika yenyewe haki yake. Ikiwa peke yake, ni kifaa kizuri. Kimo chake ni kama shubiri moja, imevikwa kitambaa kizito cha kijivu, haina betri bali hutumia umeme wa ukutani, na hupokea muziki kwa Wi-Fi au kwa Bluetooth. Besi yake ni ya kiasi na haivumi ovyo, ngoma inasikika hadi mguso wa kiganja kwenye ngozi, na ukipandisha sauti hadi robo tatu hakuna mkwaruzo. Kwa chumba cha kulala au jikoni ningeridhika na moja. Sebuleni nilihitaji mbili kwa sababu ninapenda sana taarabu, na katika rekodi nzuri za taarabu ganuni hukaa upande mmoja, fidla zikajipanga upande wa pili, na mwimbaji akasimama katikati. Spika moja huwarundika wote mahali pamoja, ukasikia wimbo lakini usisikie ukumbi.

Jioni niliyoileta ya pili nyumbani niliiweka kwenye rafu, mita mbili na nusu kutoka kwa mwenzake, nikafungua programu ya kampuni kwenye simu. Zote mbili zilionekana. Nikachagua kuunda jozi, nikaulizwa ipi iwe ya kushoto, nikajibu, na duara likaanza kuzunguka kwenye kioo. Taa ya spika ya kushoto ikageuka nyeupe ikatulia. Ya kulia ikabaki kupepesa rangi ya chungwa: mara mbili, inazima, mara mbili, inazima, kwa zaidi ya dakika moja. Kisha ukaja ujumbe kwamba kuoanisha kumeshindikana na kwamba nijaribu tena. Haikutajwa sababu, wala namba ya hitilafu ambayo mtu angeweza kuitafuta. Nilijaribu mara sita usiku ule na kila mara nikapata jibu hilo hilo. Ninaiondolea kampuni alama kwa hilo, kwa sababu kifaa kinachojua kwamba kimeshindwa, mara nyingi, kinajua pia kimeshindwa katika hatua ipi, na kumficha mteja jambo hilo ni kumpotezea siku zake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutojua kwamba kuna njia mbili tofauti kabisa za kupata stereo bila waya. Njia ya Bluetooth ina kikwazo cha kimaumbile: utaratibu wa kusafirisha muziki kwa Bluetooth uliozoeleka, ambao umekuwepo tangu mwaka 2003, uliundwa kwa chanzo kimoja na mpokeaji mmoja. Ili kuzunguka kikwazo hicho, watengenezaji wengi huifanya simu iitumie spika moja muziki wote, na spika hiyo ndiyo humpa mwenzake upande wake. Kwa kuwa kila kampuni ilijitungia lugha yake ya kufanya hivyo, spika za kampuni mbili tofauti kwa kawaida hazielewani. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, umeundwa ili kubeba mikondo kadhaa kwa pamoja, lakini unahitaji simu na spika zote ziwe zinaufahamu. Njia ya pili ni Wi-Fi, ambapo kila spika hujiunga na ruta kivyake, zikatafutana ndani ya mtandao, zikalinganisha saa zake, kisha kila moja ikachukua upande wake.

Spika zangu hutoa stereo kwa Wi-Fi pekee. Maelekezo yanalisema hilo katika sentensi moja iliyoko ukurasa wa 11, nami nilikuwa nimeshapoteza jioni mbili nikihangaika na orodha ya Bluetooth kwenye simu. Baya zaidi ni kwamba televisheni yetu ilikuwa imezoea kuunganika kwa Bluetooth na ile spika ya kwanza tangu Februari, na kila ilipowashwa iliinyakua. Spika ambayo tayari imeshikwa na kifaa kingine kwa Bluetooth haikubali kuingizwa kwenye jozi, angalau hizi hazikubali. Ilinibidi niifute kwenye kumbukumbu ya televisheni, niifute kwenye simu yangu, na niifute pia kwenye simu ya mke wangu.

Nilipouelekea mtandao nilikuta kosa la pili, nalo naamini wengi wanalo bila kujua. Ruta yetu hutoa mitandao mitatu: mmoja wa masafa ya 2.4 GHz, mmoja wa 5 GHz, na mmoja wa wageni. Spika ya kwanza nilikuwa nimeiunganisha na mtandao wa wageni kwa sababu tu nenosiri lake ni fupi, na ya pili ilikuwa kwenye mtandao wa nyumbani. Mtandao wa wageni kwa kawaida huwekwa makusudi ili vifaa vilivyomo visionane, kila kimoja kikafika kwenye intaneti lakini kisimfikie jirani yake. Nilidanganywa na programu iliyoendelea kunionyesha spika zote mbili, kumbe taarifa zao ilikuwa inazipata kutoka kwenye seva za kampuni kupitia intaneti, wakati spika zenyewe, zikiwa kwenye rafu moja, hazikuwa zinafahamiana hata kidogo. Spika hutafutana kwa kupiga mbiu inayowafikia wote waliomo kwenye mtandao. Kama ruta inazuia mbiu hiyo, kila spika itakaa peke yake hata ukiziweka zigusane. Kwa hiyo, ukikwama, ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute kipengele cha kutenganisha vifaa, ukizime, kisha uhakikishe kwamba simu na spika zote mbili zimeingia kwenye mtandao wenye jina moja.

Anayetumia bando la simu yake kuwasha hotspoti nyumbani ana ugumu wa ziada, kwa kuwa simu inayotoa mtandao ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuzisimamia spika, na baadhi ya simu haziwezi kuzifanya kazi zote mbili ipasavyo. Kilichonisaidia nilipojaribu kwa jirani ni kuwasha hotspoti kwenye simu moja na kutumia simu nyingine kuunda jozi.

Kuna pia suala la ruhusa ndani ya simu. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 iliyotoka mwaka 2020, kila programu inayotaka kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani lazima kwanza ikuombe ruhusa, na Android 12 nayo ilileta ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Ukikataa siku ya kwanza kwa haraka, kama alivyofanya mke wangu, unaweza kukuta programu inaonekana nzima lakini haioni spika yoyote. Zima VPN pia kabla ya kuanza, kwa sababu inaweza kuutoa mwendo wa simu nje ya mtandao wa nyumbani.

Msongamano wa hewani nao una sehemu yake. Tunaishi kwenye jengo la ghorofa sita, na nilipohesabu mitandao inayoonekana kutoka sebuleni nilipata 23. Katika masafa ya 2.4 GHz chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na masafa hayo hayo yanatumiwa na Bluetooth na hata jiko la maikrowevu. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa zaidi ingawa huchoka haraka yakikutana na ukuta wa tofali. Kwa spika zilizo chumba kimoja na ruta, 5 GHz ndiyo ninayoipendekeza, na baada ya kuzihamishia huko muziki uliacha kukatikakatika.

Baada ya yote hayo, taa ya kulia iliendelea kupepesa rangi ya chungwa. Nilizirudisha spika zote mbili katika hali zilivyotoka kiwandani, nikazianzisha upya, nikapata jibu lile lile. Ilikuwa wiki ya pili, siku ya Jumapili, nilipoziinua na kuzigeuza chini juu ili nisome stika. Jina lilikuwa moja na namba ya aina ilikuwa moja, isipokuwa kwamba ile ya Mei ilikuwa na herufi moja ya ziada mwishoni, ndogo kiasi kwamba ilinibidi niimulike kwa tochi ya simu. Nilipolinganisha ukurasa wa taarifa za kifaa ndani ya programu, nikaona kwamba programu endeshi ya spika ya kwanza ilikuwa ya toleo la pili na ya spika mpya ilikuwa ya toleo la tatu, huku kila moja ikidai kwamba haina sasisho lolote linalosubiri. Niliwaandikia huduma kwa wateja wa kampuni nikiwatumia picha za stika zote mbili. Jibu lilikuja siku ya nne: katikati ya mwaka uliopita walibadilisha chipu ya redio, na spika za kabla na za baada ya mabadiliko hayo haziwezi kuoanishwa.

Hili ndilo jambo linalonikera kuliko yote, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Mabadiliko ya chipu si dhambi, kwani viwanda hubadilisha vipuri kila siku. Lakini maboksi mawili yenye picha moja, jina moja, bei moja na ahadi moja ya stereo yalinifanya niamini kwamba vilivyomo ndani vinaelewana, wakati kampuni ilikuwa inajua kwamba havielewani. Mtu anayenunua moja moja kwa kudunduliza, kama tunavyofanya wengi wetu, ndiye hasa atakayekwama, wakati mwenye uwezo wa kununua mbili kwa siku moja huenda asijue kamwe kwamba tatizo hilo lipo.

Masharti ya namna hii si ya kampuni hii peke yake. Sonos huhitaji spika mbili za aina moja ili kuunda jozi. Apple inaeleza katika maelekezo yake kwamba HomePod ya kwanza haiwezi kuwa jozi ya stereo na HomePod ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2023. JBL, ambayo spika zake zimejaa katika maduka yetu, ilihama kutoka mfumo wa Connect+ kwenda PartyBoost, na spika za mifumo hiyo miwili haziungani. Tofauti ni kwamba katika mifano hiyo mnunuzi anaweza kuijua tofauti kwa jina la bidhaa, kizazi chake au alama iliyochapishwa juu yake. Kwangu mimi ilikuwa ni herufi moja chini ya spika, na boksi lilikuwa kimya.

Nilirudi Kariakoo na spika zote mbili, risiti zote mbili na barua pepe ya kampuni. Kijana yule aliendelea kusisitiza kwamba hizo ni pacha na huenda simu yangu ndiyo yenye tatizo. Nilimwomba kwa upole azijaribu pale pale kaunta kwa simu yake na mtandao wa duka, naye akakubali. Taa ya chungwa ilipopepesa mbele yake aliinyamazia kidogo, kisha akamwita mama mwenye duka. Mama alivaa miwani, akazisoma stika moja baada ya nyingine, akaisoma barua pepe hadi mwisho, akasema, "Hapa mwanangu hujakosea wewe, wala huyu kijana hajakosea. Wacha tuangalie stoo." Aliichukua spika yangu ya Februari, akanipa mpya yenye herufi ile ile ya ziada, na kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imetumika miezi mitatu akanitoza nyongeza ya shilingi 40,000. Kabla sijaondoka aliagiza ziunganishwe pale pale. Zilichukua sekunde kama 40, na taa zote mbili zikawa nyeupe. Duka hilo ninalipa alama zote. Nyongeza niliilipa bila kinyongo, ingawa kwa haki ilipaswa kubebwa na kampuni.

Nyumbani nilihitaji kuhakikisha kwamba ninachosikia ni stereo kweli. Programu nyingi zina vitu viwili vinavyofanana kwa jina: kundi la spika, ambapo kila spika hutoa sauti nzima ile ile, na jozi ya stereo, ambapo pande hutenganishwa. Mtu anaweza kuunda kundi akadhani amepata jozi. Kipimo kizuri ni rekodi ya majaribio inayotamka kushoto na kulia kwa zamu, kwani katika jozi ya kweli spika moja hunyamaza kabisa wakati nyingine inasema. Usipime kwa rekodi za zamani sana. Nyimbo alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, kwa mfano, zilinaswa kwa mkondo mmoja kama rekodi zote za biashara za wakati huo, na zitasikika sawa pande zote mbili hata kama spika zako hazina kasoro yoyote. Angalia pia mipangilio ya ufikivu kwenye simu, kwa maana kuna kipengele cha kuunganisha sauti kuwa mkondo mmoja, kilichowekwa kwa faida ya wasiosikia vizuri sikio moja, nacho kikiwa kimewashwa unaweza kuilaumu spika bure.

Jozi ilipokamilika, matokeo yalikuwa yale niliyoyatamani. Nimeziweka spika na kiti changu katika pembetatu ya pande sawa, kila upande mita mbili na nusu, nikazigeuza kidogo zinielekee. Ganuni ikakaa kushoto, fidla zikatandazika kulia, na sauti ya mwimbaji ikatokea katikati ambako hakuna spika yoyote, juu kidogo ya kabati la vyombo. Ili hilo litokee, spika mbili zinapaswa kwenda pamoja kwa usahihi mkubwa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo spika moja ikichelewa kwa elfu moja tu ya sekunde ni kama umeisogeza nyuma sentimita 34, na sikio huanza kumvuta mwimbaji upande wa ile iliyotangulia. Katika miezi hii sijasikia mwimbaji akihama mahali pake, na kwa kazi hiyo mafundi wa kampuni wanastahili sifa.

Kasoro iliyobaki ni ya umeme. Umeme ukikatika na kurudi, spika huamka kwa sekunde chache wakati ruta huhitaji dakika mbili hivi, na spika zikikosa mtandao zinapoamka, mara nyingine ya kulia hujitoa kwenye jozi na kuanza kupiga kivyake. Nimepunguza tatizo kwa kuingia kwenye ruta na kuzitengea spika anwani zisizobadilika, na kwa kuziweka spika kwenye ekstensheni yenye swichi ambayo siiwashi mpaka taa ya intaneti kwenye ruta iwe imetulia. Tangu nianze utaratibu huo jozi imevunjika mara moja tu. Hata hivyo, si haki kwamba mteja ndiye asimamie zamu ya kuamka ya vifaa vyake, na nimewaandikia tena kampuni nikiomba spika ziwe zinaendelea kuutafuta mtandao kwa dakika tano kabla ya kukata tamaa. Wamejibu kwamba ombi limepokelewa.

Kwa sauti ninazipa nne na nusu kati ya tano, kwa programu na maelekezo mbili, na kwa uwazi wa boksi moja. Atakayezitaka azinunue zote mbili siku moja, azigeuze asome stika hadi herufi ya mwisho, na aombe zioanishwe kaunta mbele yake kabla ya kutoa fedha. Duka lile sasa linafanya hivyo bila kuombwa. Wiki iliyopita nilipopita kununua waya nilimkuta kijana yule akimwonyesha mteja chini ya spika kwa tochi ya simu.